Ametupa Kabati

11 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, ugomvi utafuata. Najua ukifungua barua yangu huwa unaruka salamu ukitafuta ugomvi umeanzia mstari gani, basi leo soma kwa utaratibu. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua kwa ajili ya ngazi. Mjukuu wako mzima, ametoa meno mawili ya chini na anayemuuma ni mimi, si mama yake. Mama yake mzima pia, amekonda tu. Kufua mashuka ya hospitali nzima si mchezo, na anatoka hapa mtoto hajaamka. Mkwe wangu yuko njiani na lori lake, anapita kubadilisha nguo na kuondoka tena. Wewe je? Na shemeji, kikohozi chake? Mwambie aache kulala na dirisha wazi.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Madarasa manne yanatosha kwa mtu mwenye la kusema. Simu siitaki. Simu ni ya binti yangu, na nikizungumza nayo yeye hukaa pembeni akijifanya anakunja nguo, huku masikio yamesimama.

Sasa nikuambie ninachofanya huku ugenini. Naosha takataka. Hujakosea kusoma, wala mimi sijakosea kuandika. Kopo la nyanya likiisha, sharti nilisuuze, nilibandue karatasi yake, nilikaushe, ndipo nilitupe. Nilimwuliza binti yangu: nikishaliosha likang'aa hivi, kwa nini nilitupe tena? Si tulitumie? Akaniambia, "Mama, fanya tu." Mimi kuambiwa "fanya tu" na mtoto niliyemfundisha kushika kijiko.

Kuna mapipa matano uani, chini ya jengo. La karatasi, la plastiki, la chupa, la mabaki ya chakula, na moja la vitu visivyo na kwao. Kile kijifuko cha chai cha kutumbukiza, usikitazame kilivyo kidogo. Majani yanakwenda kwenye chakula, kile kikaratasi cha kushikia kwenye karatasi, na kipini cha chuma bado tunabishana. Marehemu mume wangu alizikwa sehemu moja. Majani ya chai huku yanazikwa sehemu tatu.

Na yupo mtu amewekwa kusimamia jengo, namwita Bwana Glavu, maana sijawahi kuiona mikono yake. Kazi yake ni kufagia ngazi na kututilia shaka. Nikishuka na mifuko yangu anasimama pembeni kama mwalimu wa zamu. Nimeendesha nyumba yangu tangu wewe unasuka nywele za mafundo mawili, hakuna aliyewahi kusimama nyuma yangu kuangalia natupa nini.

Nyumba yangu ifungue madirisha, isinuke uvundo. Kijana wangu akipita mwambie asilete watu kulala. Kabati lisiguswe. Siku ile ya kwanza nilimwambia binti yangu wazi kabisa: mtoto akianza kutembea, na mimi natembea. Kwa hiyo nitunzie nyumba yangu, si miaka hiyo.

Dada yako, mwosha makopo.

*

9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako tumeipata, ilifikia kwenye sanduku la posta la kazini kwa shemeji yako kama kawaida. Tumefurahi kusikia meno ya mtoto. Mpe busu moja kwa niaba yangu, kwa mbali, asikuume. Huku sisi ni wazima. Kikohozi cha shemeji yako kimepungua mchana, usiku kinarudi. Ule ukuta wa jirani ulioinama umeanguka, hakuumia mtu, kuku tu. Watu wa mtaani wanakusalimu. Yule fundi viatu wa kona kila siku ananiuliza kama huko viatu vinachakaa.

Habari ya mapipa imetuchekesha mno. Shemeji yako anasema ukirudi tukuajiri.

Nyumba yako ipo. Madirisha nafungua. Kijana wako amekuwa akipitapita, na Jumamosi ya juzi alikuja na pikapu ya rafiki yake. Ametupa kabati lile kubwa na kitanda chako, na vile viti viwili vya sebuleni. Mengine amesema atayaangalia baadaye. Mimi sikupenda, dada, lakini ningefanya nini? Ni mwanao, na nyumba ni ya baba yake. Nimeona bora nikuandikie mara moja tu, halafu tusilirudie, maana najua na wewe utakuwa umelifikiria.

Ule mti wa ndimu uani umezaa. Jitunze, jifunike kifua.

Mdogo wako.

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu nililelewa, si kwa sababu moyo unataka. Mtoto mzima, anasimama akishika meza. Mama yake ana mafua. Magoti yangu yako palepale. Shemeji nasikia kikohozi kinapungua, sasa najua kwa nini, analala pazuri.

Lakini nianze na bahasha yako, kwanza imeniponza.

Barua nilipoisoma niliiweka chini ya mto. Bahasha nikaitupa. Nilikuwa nimembeba mtoto mkono mmoja, na wa pili ulikuwa karibu na mfuko wa plastiki, bahasha ikaingia humo. Kosa langu lote ndilo hilo. Kesho yake asubuhi mlango unagongwa. Nafungua, Bwana Glavu. Kashika mfuko wetu umepasuliwa tumbo, na kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, ananyanyua bahasha yako. Ananionyesha jina langu, hilo uliloliandika kwa herufi kubwa kama la dukani. Ananionyesha mimi. Ananionyesha mfuko. Akabandika stika nyekundu juu yake, akauweka mlangoni kwetu, akashuka. Na kule chini kwenye ubao wa matangazo akaandika namba ya mlango wetu ili jengo zima lisome.

Mtu mzima, ana ndevu, anapekua taka za mwenzake. Mimi nikimkuta mtu anapekua taka zangu namwuliza anatafuta nini humo, siri au ugonjwa. Nilimwuliza hivyohivyo kwa lugha yangu, kwa sauti ya kutosha ghorofa tatu. Mtoto alipiga makofi.

Binti yangu aliporudi aliuona ubao kabla hajavua viatu. Nilidhani atashuka kunitetea. Akaniambia, "Mama, mimi hapa ni mgeni, natazamwa. Wewe ukikosea, ni mimi nimekosea." Akakaa sakafuni na kuuchambua ule mfuko upya, kipande kwa kipande, na sare ya kazi bado mwilini. Nilitaka kumsaidia, akasema niache. Haya, nikaacha.

Sasa tuje kwenye kilichokuwa ndani ya bahasha.

Umeandika kwa mwandiko wako, nimeusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili: ametupa kabati, kitanda na viti viwili. Haya. Yeye ni nani hata awape? Na nyinyi ni nani hata mpokee? Unasema hukupenda. Mtu asiyependa hufunga mlango, hasogezi vitu vyake apate pa kuweka kabati la mwenzake. Unasema eti ni nyumba ya baba yake. Baba yake alijenga kuta. Vilivyo ndani ya kuta nilivileta mimi kimoja kimoja, na unajua.

Shemeji alivyo mrefu, kitanda kile miguu itaning'inia nje kama nguo kwenye kamba. Na kabati, mlango wa kushoto haufungi mpaka uuinue kidogo kwa goti, hilo nina hakika hajawaambia alipowapa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukichukua vitu vyangu na kusema umepewa. Naona hukukua, ulirefuka tu.

Nikirudi nataka nikute kila kitu mahali pake. Na usinijibu kwa habari za ndimu.

Dada yako.

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Kimya chako kimenifikia. Kimefika kabla ya barua, maana barua haipo. Hata hivyo nakusalimu wewe na shemeji na kuku waliobaki. Sisi ni wazima. Mtoto anakaribia kutembea, anasimama, anayumba, anacheka, halafu mama yake anamketisha.

Nilikuwa nimeapa sikuandikii mpaka uanze wewe. Nimevunja kiapo kwa sababu ya kiti. Nisikilize.

Jumapili tulikuwa tunatoka na mtoto. Pale chini karibu na mapipa nikaona kiti cha kuegemea, mbao nzima, kitambaa cha kijani hakina hata doa. Binti yangu akapita kando yake akasema, "Hebu ona, wa juu wametupa kiti kizima hivi." Nikafurahi, mdogo wangu. Nilisema moyoni, kumbe jengo hili lina watu. Wamemwona mzee anakalia kistuli akimnywesha mtoto maziwa, wakamhurumia.

Kesho yake binti yangu alipokwenda kazini, nikamfunga mtoto mgongoni, nikakikokota kile kiti ngazi zote. Bwana Glavu aliniona. Alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Nikapika, nikajaza sahani, nikaifunika kitambaa safi, nikapanda kwa wa juu. Mama wa watu akafungua mlango. Nikamshukuru kwa lugha yangu, mkono kifuani, nikamwonyesha kule chini, nikamwonyesha mimi nimekaa naegemea. Alipokea sahani kwa mikono miwili, kaduwaa, ananiinamia tu. Nilirudi nimeridhika.

Jioni binti yangu anaingia.

"Mama, hiki kiti kimefikaje humu?"

"Nimekileta. Si ulisema wametupa?"

"Ndiyo, wametupa."

"Basi nimekwenda kuwashukuru. Sahani yako ya maua iko juu, usiitafute."

Alinitazama. Akakikalia hicho kiti akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea cheko likiwa limekwisha. "Mama, wamekitupa. Kwenye taka. Hawajatupa sisi kitu."

Nilicheka na mimi. Neno la kwetu kabisa, nimelitamka tangu nina meno ya maziwa, na limenipandisha ghorofa nzima na sahani mkononi kumshukuru mtu kwa taka zake. Nilicheka hadi nilipokwenda kulala na kuegemeza kichwa kwenye mto, karatasi yako ikakwaruza.

Nikainuka nikaisoma. Ametupa kabati lile kubwa na kitanda chako.

Sasa nakuuliza, na unijibu hilo tu. Aliwapa, au alitupa? Kama aliwapa, basi mmesamehewa, lalieni, mimi nitatafuta kingine. Kama ni lile jingine, liandike lote, usilipake sukari.

Dada yako.

*

2 Juni

Dada,

Sisi ni wazima. Mti wa ndimu sitautaja.

Barua yako ya Aprili nilikuwa sijaijibu kwa sababu nililia nayo. Shemeji yako ndiye aliyeisoma kwanza, kwa kuwa inafikia kazini kwake, na aliisoma mbele ya wenzake akidhani ni ya kuchekesha kama ile ya mapipa. Anasema nikufahamishe kwamba miguu yake haijawahi kulala kwako.

Alitupa, dada. Jalalani, kule nyuma ya soko.

Alisimama mlangoni na wenzake wawili akawa ananyoosha kidole: hiki kibaki, hiki kiende, hiki kiende. Alisema nyumba imejaa takataka za mama. Nilimwambia mwenye vitu anarudi. Akanijibu kwa upole kabisa, hakunivunjia heshima, "Mama mdogo, harudi. Amekubali kubaki kule, dada amenihakikishia. Mpangaji anaingia Agosti na anataka nyumba tupu."

Nilidhani unajua. Ndiyo sababu niliandika kwa mkato vile. Nilidhani umeamua kuhamia huko moja kwa moja na unaona haya kuniambia, kwa hiyo unaniandikia habari za makopo ili nisikuulize. Nilikukasirikia, dada. Nilisema, amehama bila kuniaga, na bado ananiagiza madirisha. Kila nilipoyafungua nilikuwa nakusema peke yangu mle ndani, kwa sauti.

Pikapu ilipoondoka, mimi na shemeji yako tuliifuata kwa miguu. Tulipofika kabati lilikuwa limeshapasuliwa kuni. Kitanda sikukiona kabisa. Tuliokota droo moja, ile ya vifungo na nyuzi, vifungo vimo. Shemeji yako aliibeba kichwani kupita sokoni, na watu wanamwuliza kama amekuwa fundi seremala.

Jikoni hajagusa. Vyombo vipo, mikeka ipo, na ule mkebe wako wa picha nimeuhamishia kwangu. Mengine alisema atarudi kuyamaliza kabla ya mpangaji.

Naomba usimfokee sana binti yako. Yuko mbali na kwao.

Mdogo wako.

*

24 Juni

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote wawili. Mwambie shemeji miguu yake nimeirudishia heshima yake, na mabega ya kubebea droo nimeyaongezea. Zaidi ya hapo usinitake niseme. Mtoto mzima. Mama yake mzima, wa mwili.

Umeniomba nisimfokee sana. Nimefoka kiasi.

Nilimngoja arudi kazini. Alisalimia, akavua viatu, akaenda kwenye sinki kusuuza kopo la maharage, maana huku hata mtu akiwa amechoka namna gani lazima kopo lioge. Nikamwuliza nikiwa nimesimama nyuma yake.

"Nani kasema nimekubali kubaki?"

Maji yaliendelea kutiririka. Kopo lilikuwa limetakata zamani, yeye analisuuza tu.

"Mama, tuongee baadaye, mtoto..."

"Mtoto hajui kusoma wala kushtaki. Ongea."

"Mimi nilimwambia kaka."

"Nilikubali lini?"

"Hukukataa."

"Nilisema mtoto akitembea, natembea. Mtoto huyu alikuwa atembee tangu mwezi uliopita. Kila akisimama unamketisha. Nilidhani unaogopa ataanguka."

Hapo alifunga bomba. Hakugeuka. Akasema, "Nikimwacha atembee utaondoka, mama. Nitamwacha na nani? Baba yake yuko barabarani. Nikikosa kazi ndiyo basi. Nilijua nikikuomba ubaki utakataa."

"Pengine ningekataa. Lakini ungekuwa umeniomba."

Akaanza kulikausha kopo. Mimi sikunyamaza. Nikamwambia, hilo kopo mkononi mwako utalitazama chini, utalitazama ubavuni, utatafuta alama, ukishindwa utampigia simu mwenzako wa kazini kumwuliza linakwenda pipa gani. Kopo la maharage linaulizwa kwao ni wapi. Mimi niliyekuzaa hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Mmekaa wewe na kaka yako mkanichambua kwa simu: mama abaki huku, kitanda kiende kule, kabati ni taka, nyumba ni ya mpangaji. Nyinyi watu wawili mnajua sana kutenga. Mnitenge na mimi basi, mniambie niko kwenye pipa la rangi gani.

Alilia. Sikumfuta machozi, mdogo wangu, na iliniuma mkono kutofuta. Hata yule Bwana Glavu, ukikosea mfuko, anabandika stika, anakuja mpaka mlangoni kukuonyesha. Hawa wangu hawakunionyesha hata hiyo.

Akachukua simu mwenyewe bila kuambiwa, akampigia kaka yake, akaiweka kwa sauti. Akasema, "Mama hakukubali. Mimi nilikudanganya." Halafu kijana wangu, huyo niliyemsomesha, akasema, "Sasa mpangaji nitamwambiaje?" Hakuuliza habari yangu. Nikaichukua simu, nikamwambia: mwambie mpangaji mwenye nyumba anarudi. Na kitanda ulichokiita takataka, hapo ndipo ulipozaliwa, kichwa kikubwa, nikakisifia. Simu ikakatika. Sijui kakata yeye, sijui ni mtandao.

Tiketi yangu ya kurudi binti yangu alikuwa ameisogeza mbele mara mbili kimyakimya. Kesho yake aliirudisha. Natua katikati ya Agosti. Chunga nyumba. Akirudi na ile pikapu, usimwangalie tu.

Dada yako.

*

15 Julai

Dada yangu mpendwa,

Tumepokea, tumekaa chini, tumesoma tena. Sisi ni wazima. Shemeji yako anakushukuru kwa mabega. Kikohozi kimerudi kwa sababu tumehama kwa muda, nitakueleza.

Alikuja Jumanne na fundi kubadilisha kitasa. Akakuta mimi nimo ndani. Nilikuwa nimelala kwako tangu barua yako ifike, godoro langu chini, sufuria yangu jikoni, na kufuli langu mlangoni kwa ndani.

"Mama mdogo, toka kidogo fundi apime mlango."

"Apime nikiwa ndani. Mlango ni uleule."

"Mama mdogo, nimeshampa mtu ahadi."

"Mpe nyingine."

Akasema siku ile ya kabati sikumzuia, kwa nini leo namletea taabu. Nikamwambia, kabati lilikuwa halina mdomo. Leo umekuta kitu chenye mdomo. Dada, sijui hayo maneno yalitoka wapi. Shemeji yako alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni anakohoa ili ajulikane yupo.

Fundi aliondoka. Kijana wako alikaa kwenye kizingiti muda mrefu. Akaomba maji, nikampa. Akaniuliza kama kweli alizaliwa kwenye kile kitanda au ulisema kwa hasira. Nikamwambia nilikuwepo, nilishika taa. Akarudisha kikombe, akaondoka bila kuaga. Mpangaji nasikia amepata kwingine.

Sasa dada, nisikilize na mimi. Nisingependa uingie ukaione nyumba ilivyo. Pale kabati lilipokuwa ukuta una alama nyeupe kama mlango, na mchwa wamekula kona. Chumbani mwako kuna mwangwi. Basi tumepanga kupaka chokaa kote, nimeazima kitanda kwa jirani, na yule wa mtaa wa pili anatupa kabati dogo, namaanisha ametuazima. Nitafagia uani, nitaweka mapazia yangu. Ukifika uone kana kwamba hakuna kilichopungua, upumzike. Na kijana wako nitamwambia asifike siku hiyo, mpaka upoe.

Mdogo wako.

*

30 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii na mimi tutafika karibu pamoja, kwa hiyo salamu nyingine nitakuja nazo mkononi. Mzima mimi. Kumbe una mdomo. Miaka yote hii umeuficha wapi? Mwambie shemeji akohoe vivyo hivyo nikiwa nipo.

Mtoto anatembea. Jana mama yake alimsimamisha mlangoni, akaondoa mikono yake mwenyewe, mtoto akaja mpaka kwangu bila kushika kitu. Binti yangu amempatia nafasi kwenye nyumba ya kulelea watoto karibu na hospitali, lakini si siku zote, na zile siku nyingine bado hazina mtu. Hilo limenikalia kifuani. Aliniuliza, safari hii aliniuliza, "Mama, utakuja tena?" Nikamjibu kwamba akiniomba nitafikiria. Akasema anaomba. Nikasema nafikiria. Tumefika hapo.

Bwana Glavu nilimpita kwenye ngazi. Sijamuaga. Sina sababu.

Sasa kuhusu hiyo chokaa. Usipake. Kitanda cha jirani kirudishe, kabati la watu lirudishe, mapazia yako yavue. Usifagie hata uani. Umekuwa hivyo tangu utoto, kikombe kikivunjika unageuza upande mzima mbele, na ndivyo ulivyoniandikia ile barua ya Machi nikakaa miezi nakutukana bure. Nataka niingie niione alama ya ukutani ilivyo, na mchwa wake. Nataka nisikie huo mwangwi.

Na kijana wangu usimfukuze siku hiyo. Mwite. Mwambie mama yake amesema aje mapema, asimame palepale kabati lilipokuwa, anisubiri. Nina mengi ya kumwambia, na mtu hawezi kugomba vizuri ndani ya nyumba iliyopangwa.

Dada yako.